Sura ya Sita: Gia Inayokoroga

Tulikuwa tumebakiza mteremko mmoja tu kabla ya Salamabila dereva alipokikamata kirungu cha gia na kukizungusha taratibu, duara zima, kama mama anayekoroga uji usishike chini. Kirungu kilizunguka bila kipingamizi. Gari lilikuwa kwenye gia ya tatu na lilibaki kwenye gia ya tatu. Mkono wa gia ndio uliokuwa umejitenga, unatembea kivyake. Nyuma yetu kulikuwa na magunia ya mchele wa Kasongo, madumu ya mawese, na abiria waliokaa juu ya hayo yote na kuku wao waliofungwa miguu.

"Iko nacheza," akasema dereva kwa Kingwana, Kiswahili cha Kongo, macho barabarani.

Kisha akafanya jambo la busara kuliko yote niliyoyaona siku ile: hakufanya kitu. Hakujaribu gia ya pili, hakukanyaga klachi, hakukigusa tena kile kirungu. Lori lenye mzigo likitoka gia ya tatu kwenye mteremko lisipate ya pili, linabaki na breki peke yake, na breki zikishikwa mfululizo huchemka mpaka zikaacha kushika. Injini ndiyo breki ya kwanza ya lori, na gia ndiyo inayoifunga injini hiyo na magurudumu. Tukateremka na ile tatu tuliyokuwa nayo, injini ikinguruma, hadi kwenye tambarare. Hapo motaboi, ambaye Watanzania wangemwita utingo, akaruka chini na jiwe lake na kuliweka mbele ya gurudumu la nyuma. Jiwe hilo husafiri na gari. Lina mpini wa kamba ya katani, na nadhani lina umri mkubwa kuliko motaboi mwenyewe.

Salamabila ni mji wa dhahabu, katika wilaya ya Kabambare, kusini mwa Maniema. Wachimbaji wadogo wapo, na jirani yao upo mgodi mkubwa wa Namoya, uliotangaza kuanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Dhahabu hailiwi. Mchele, chumvi, sabuni, saruji, mabati na bia huja kwa pikipiki au kwa lori. Mchele wenyewe ni urithi wa Waswahili walioweka makao Kasongo na Nyangwe enzi za Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, na hadi leo Maniema hula wali kama pwani. Zamani hizo mizigo ilibebwa kichwani na mabegani. Mpagazi mmoja alichukua kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Lori letu la tani tano, kwa hesabu hiyo, lilikuwa limebeba msafara wa watu zaidi ya 150. Na msafara nao ulikuwa na hitilafu zake: mwaka 1870 David Livingstone alikwama miezi mingi Bambarre, ndiyo hiyo Kabambare ya leo, kwa sababu ya vidonda vya miguu.

Lori kwenye barabara hii kwa hiyo si gari la mtu mmoja. Likilala njiani, bei ya mchele inapanda sokoni, mwenye mzigo hasemeshwi, na abiria wanatandika kanga chini ya mti. Ndiyo maana fundi wa Salamabila haulizwi kwanza bei. Anaulizwa: litatembea lini?

Tulimpata karibu na soko, chini ya mwembe, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu kichwani katika jua lile. Gereji yake ilikuwa mwembe wenyewe, gogo la kukalia, mnyororo wa kuinulia injini ulioning'inizwa kwenye tawi, na kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa vyuma vidogo vidogo. Kopo hilo ndilo duka lake la spea, na litarudi baadaye katika habari hii.

Mwenye mzigo, aliyekuwa amekwishafika mbio kwa pikipiki, alikuwa na hukumu yake tayari: giaboksi imekufa. Alitaka ishushwe. Namwelewa. Mtu akishika kirungu kinachozunguka kama mwiko, akili inakimbilia kwenye kitu kikubwa kilicho chini yake. Fundi hakubishana naye. Alikwea ndani ya kabini ya dereva, injini imezimwa, akashika kirungu kwa vidole viwili na kukipeleka mbele, nyuma, kushoto, kulia, huku ameinamisha kichwa kana kwamba anasikiliza redio ya jirani. Akashuka.

"Boiti iko muzima, papa," akamwambia. "Ni levye njo iko nacheza."

Giaboksi nzima, mkono ndio unaocheza. Alijuaje? Hapa inabidi tuingie ndani ya chuma kidogo.

Giaboksi ya lori la zamani ina fimbo tatu za chuma zilizolala sambamba. Kila fimbo imebeba uma, na uma huo umekumbatia kola inayoteleza juu ya shafti. Ukisukuma fimbo mbele, kola inajifunga na gurudumu la meno la gia moja. Ukiivuta nyuma, inajifunga na lingine. Mkono wa gia kazi yake ni mbili tu. Ukiupeleka kushoto au kulia unachagua fimbo. Ukiupeleka mbele au nyuma unaisukuma hiyo uliyoichagua. Mbinu hii ya kuteleza kutoka gia hadi gia ilitiwa kwenye magari na Mfaransa Émile Levassor mwaka 1891, na tangu hapo imelainishwa tu. Cadillac walileta sinkronaiza mwaka 1928 ili meno yasigongane, lakini mpangilio wa uma na fimbo ni uleule.

Kwenye malori yenye pua, kama yale Mercedes ya zamani ya 911 na 1113 ambayo bado yanahema katika Afrika hii, dereva amekaa nyuma ya injini, na giaboksi iko karibu na miguu yake. Mkono unaweza kuingia moja kwa moja juu ya kava la giaboksi, ukazunguka kwenye kichwa cha mviringo kilichokaa ndani ya kikombe. Lori letu lilikuwa la aina nyingine: la Kijapani, usukani kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia, na kabini inayoinuka mbele ili kuifikia injini. Kabini ikiwa juu ya injini, giaboksi inabaki nyuma. Mkono wa gia hauwezi kuifikia. Inabidi itumwe rodi ndefu, ipite chini ya sakafu, igeuke kwenye egemeo, iingie kwenye mkono mfupi, ndipo amri ifike. (Magari ya baadaye yameweka waya mbili badala ya rodi, na waya zina maradhi yake.) Kila kiungo katika safari hiyo kina pini, na kila pini imevaa bushi ya nailoni au ya shaba.

Kiungo kisichocheza hata kidogo hakitembei, kimeganda. Kwa hiyo kila bushi mpya inazaliwa na nafasi yake ndogo ya halali. Vumbi jekundu la Maniema linapoingia kwenye grisi, grisi inageuka kuwa msasa. Bushi inalika, tundu linakuwa na umbo la yai, pini inachongeka upande mmoja. Hakuna anayegundua, kwa sababu kila kiungo kinaiba kidogo. Lakini viungo vitano vikiiba nusu milimita kila kimoja, wizi umefika milimita mbili na nusu. Na hapo ndipo mkono wenyewe unapoongeza chumvi. Chukua mkono wenye sentimita 60 juu ya egemeo lake na sentimita 8 chini. Kila milimita inayopotea chini inaonekana juu kama milimita saba na nusu. Milimita nne tu za uchakavu, unene wa sarafu mbili, zinampa dereva sentimita tatu za hewa tupu kwenye kiganja. Yule mwenye mzigo aliona mkono umelegea shubiri nzima akadhani chini kumebomoka.

Fundi alikuwa amehisi kitu kingine. Baada ya ule ulegevu, mkono uliposukumwa kwa subira, ulikutana na ukinzani thabiti na kisha "tak" ya gololi inayoingia kwenye kidimbwi chake. Kila fimbo ya gia ina gololi yenye springi inayoishikilia mahali pake. Kama giaboksi ndiyo mbovu, ile "tak" huwa imekufa au imekuwa laini, na gia hutoka yenyewe gari likibeba uzito. Hapa ilisikika safi katika kila gia aliyoifikia.

Kazi ya kumtafuta mwizi ilifanywa na motaboi, naye aliifanya kwa kidole. Alilala chali chini ya gari juu ya gunia tupu. Fundi alikaa juu.

"Ingiza!" motaboi anapaza sauti. Mkono unaenda. "Toa!" Unarudi.

Kidole kinawekwa pale vipande viwili vinapokutana, nusu juu ya kimoja, nusu juu ya kingine. Vikitembea pamoja, kidole hakihisi kitu. Kimoja kikitangulia, ngozi inabanwa, na hakuna kipimo kinachoshinda ngozi kwa jambo hili. Kiungo cha kwanza, cha karibu na giaboksi, kilikuwa sawa. Cha pili kilicheza kidogo. Cha tatu, kwenye egemeo linalobeba rodi chini ya kabini, kilimfanya motaboi acheke peke yake kule chini. Bushi haikuwepo kabisa. Palibaki pini inayoning'inia ndani ya tundu pana, na utepe mweusi wa mpira wa tyubu uliozungushwa na mtu fulani, siku fulani, mahali fulani.

Utepe wa tyubu una heshima yake na siucheki. Umefikisha wagonjwa hospitali. Ila mpira wa tyubu na grisi havipatani: mafuta huuvimbisha, huulainisha, mwishowe unageuka uji mweusi unaoziba kila kitu. Kipande cha tairi hudumu kidogo zaidi. Plastiki ya dumu la mawese huchongeka vizuri na inapendeza macho, lakini chini ya kabini, karibu na injini, joto huilegeza. Nailoni nzito ni nzuri ukiipata. Shaba ni bora ukiikumbuka kwa grisi.

Fundi alimwaga kopo lake la maziwa juu ya gunia. Ukitaka kujua historia ya usafiri wa mji, angalia kopo la fundi wake: skrubu za pikipiki, saklipi, nusu ya kiungo cha mnyororo, bushi za stata tatu au nne. Bushi za stata ndizo alizozitaka. Zimetengenezwa kwa shaba nyeusi inayonyonya mafuta, ni ndogo, na stata zilizokufa hazikosekani. Alizijaribu moja moja kwenye pini. Ya kwanza pana, ya pili iligoma kuingia kwa unywele. Akaikubali hiyo iliyogoma, maana chuma kinachobana unaweza kukipunguza, na kinachopwaya huwezi kukiongeza.

Akakata kijiti cha mpera, akakizungushia karatasi ya msasa, akaingiza ndani ya bushi na kuizungusha kiganjani, akipuliza vumbi, akijaribu pini, akizungusha tena. Ilichukua muda wa kunywa chai mbili, nami nilizinywa. Nje, bushi ilikuwa nyembamba kuliko lile tundu la umbo la yai. Akachukua kopo la nyanya, akakata utepe wa bati lake kwa mkasi, akaufunga kwenye bushi mara moja na nusu, akaigonga mahali pake kwa nyundo na kipande cha mti kati yake na shaba. Pini nayo haikutupwa. Upande wake mmoja ulikuwa umelika hadi kuonekana kidato, lakini upande wa pili ulikuwa mzima kama ulivyotoka kiwandani, kwa sababu mzigo siku zote ulitoka upande uleule. Akaigeuza. Grisi, saklipi, na kiatu cha mpira kilichoshonwa upya kwa uzi wa nailoni ili vumbi lisirudi haraka.

Wengi wangeishia hapo, na wangekosea. Rodi iliyokaa miaka kwenye egemeo legevu huwa imerekebishwa na mafundi waliotangulia ili kufidia ule ulegevu. Ukiondoa ulegevu bila kuirudisha rodi kwenye urefu wake, mkono unagonga sakafu ya kabini kabla kola haijaingia yote. Gia inakubali kwa shingo upande, kisha inaruka nje kwenye mlima wa kwanza, na giaboksi inasingiziwa tena. Fundi aliweka gari fri, akausimamisha mkono wima, akalegeza nati za ncha ya rodi na kuizungusha mpaka tundu na pini vikatazamana bila kulazimishwa. Akakaza nati. Akamwita dereva aingize kila gia huku yeye akitazama nafasi iliyobaki kati ya mkono na sakafu. Gia ya pili ilibakiza upana wa kidole. Akasema inatosha.

Mwenye mzigo hakuamini bado. Alitaka kava la giaboksi lifunguliwe "tuone tu". Nilishukuru fundi alipokataa, kwa sababu niliwahi kulipia udadisi wa namna hiyo, mahali pengine, kwa gari langu. Kati ya fimbo zile tatu za gia kuna pini fupi, nyingine ndogo kuliko punje ya hindi. Kazi yake ni kuzifunga fimbo mbili unapoisukuma ya tatu. Aliyefungua giaboksi yangu aliirudisha bila pini moja, ambayo pengine ilitumbukia kwenye mafuta au mchangani. Nilitembea nayo kilomita chache. Kisha nikabadilisha gia bila kuukaza mkono upande mmoja, fimbo mbili zikasogea pamoja, shafti moja ikaamriwa izunguke kwa mwendo wa aina mbili kwa wakati mmoja, na magurudumu ya nyuma yakafunga papo hapo. Gari liliburuta, matairi yakapiga kelele, na mimi sijawahi kumruhusu mtu kufungua giaboksi "tuone tu" tangu siku ile. Anayelazimika kulifungua, aweke fri kwanza, azibe tundu kwa kitambaa safi, na ahesabu vipande kwenye sahani.

Kuna swali dereva yeyote wa barabara hizi angeliuliza: na kama kiungo kile kingekatika kabisa kule porini, mbali na mwembe? Motaboi alinijibu bila kufikiri. Unazima injini. Unaweka jiwe. Unaingia chini ya gari na spana, unaushika mkono mfupi ulio kwenye giaboksi yenyewe, na unaiweka gia ya pili kwa nguvu za mkono. Unatoka, unakanyaga klachi, unawasha, unaondoka na gia ya pili hiyohiyo mpaka mjini. Milimani, mabondeni, kwenye vizuizi vya barabarani, pili. Alisema waliwahi kufanya hivyo tangu alfajiri hadi magharibi, na kwamba mafuta waliyochoma yalimtoa mwenye gari machozi.

Bushi halisi iliagizwa siku ileile. Simu ilipigwa Uvira, Uvira wakapiga Kigoma, Kigoma wakampata mtu wa Gerezani, Dar es Salaam, ambako spea za malori ya Kijapani hupangwa kama nyanya. Kutoka huko ilikuja nchi kavu hadi ziwani, ikavuka Tanganyika kwa boti, ikapanda barabara ya Fizi na kushuka Maniema mfukoni mwa dereva wa lori jingine. Ilifika baada ya wiki saba, imefungwa kwa gazeti la Kiswahili ambalo fundi alilisoma kwanza, kurasa zote mbili, kabla ya kuangalia kilichomo.

Aliitoa, nyeupe, safi, akaipima kwa kuichomeka kidole gumba. Akaenda chini ya lori letu, lililokuwa limerudi, akaweka kidole pale kwenye kiungo cha tatu na kumwita motaboi atikise mkono. Shaba ya stata na bati la nyanya vilikuwa vimekaa kimya.

Akatoka, akaifunga ile bushi mpya kwenye gazeti lake, akaitia ndani ya kopo la maziwa.